Mafua ya mwanangu na povu la mbege

Jana duka la dawa hapa Moshi niliomba amoksilini, mwanangu ana mafua. Dada wa dukani akanikatalia kwa upole: "Mama, mafua ni virusi." Amoksilini huvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria, kirusi hakina ukuta, hata seli hakina, huzaliana ndani ya seli zetu. Miaka yote nilikuwa naita vyote vijidudu tu!

Jioni kwa mama mkwe nikainamia pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi. Povu linapanda, linapasuka taratibu. Hiyo ni kazi ya hamira, ukoo wa kuvu, seli yake ina kiini. Bakteria wanaogandisha maziwa hawana. Mtoto nimempa uji wa moto na maji mengi, leo anacheza.