Siku Moja Maishani Mwangu: Mwelekezi Msaidizi wa Kipindi cha Kutetea Wateja, Kisumu

Nikimwambia mtu nafanya kazi kwenye kipindi cha runinga cha kutetea wateja, swali la kwanza huwa lile lile: nyinyi ndio mnaovamia maduka? Wanamfikiria mpigapicha akiingia bila hodi na mwenye duka akiziba lenzi kwa kiganja. Mimi ni mwelekezi msaidizi, na kazi yangu kubwa ni kupima, kuuliza na kusubiri. Jumanne ya wiki hii ilikuwa hivi.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nakagua betri, kadi za kamera, maikrofoni na fomu za ridhaa. Mwelekezi mkuu ndiye anayeamua taarifa inaelekea wapi. Mimi nahakikisha kila picha anayoihitaji imepatikana, na kwamba kila anayelalamikiwa amepewa nafasi ya kujibu kabla hatujarusha kitu hewani.

Saa moja tulikuwa soko la Kibuye. Mlalamishi wetu ni mama anayeuza samaki, mbuta na ngege. Alinunua friza kwa pesa alizokopa kwenye chama, akapewa waranti ya mwaka 1. Hata miezi minne haijaisha, friza ikaacha kugandisha na samaki wote wakaoza, akawatupa. Kila aliporudi dukani alionyeshwa mstari ulio chini ya risiti: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi.

Niliomba kuiona hiyo risiti. Aliitoa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na stakabadhi za ushuru wa soko, imekunjwa vizuri, na ilikuwa nyeupe karibu yote. Risiti nyingi za siku hizi huchapwa kwa joto, zikikaa mahali pa joto maandishi yanafifia. Tarehe haikusomeka. Bahati nzuri alikuwa amelipa kwa M-Pesa na ujumbe ulikuwepo, una tarehe, saa na kiasi, tukaupiga picha kwenye simu yake.

"Mama, tafadhali usiufute huu ujumbe."

"Nitaufutaje, mwanangu? Hii ndiyo friza niliyobaki nayo."

Ule mstari wa risiti unanikera sana, maana watu wanauamini. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mteja haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro yake. Sheria ya kumlinda mteja ya mwaka 2012 inaongeza kwamba haki hizo haziondolewi na makubaliano yoyote, sembuse maandishi madogo chini ya karatasi. Aliyebadili nia tu baada ya kununua, huyo ni mwingine. Aliyeuziwa kitu kibovu hafungwi na ule mstari.

Lakini duka nalo lilikuwa na lake. Kwa simu walituambia stima ndiyo iliyounguza friza. Inawezekana kabisa; stima ikipotea na kurudi kwa nguvu huharibu vyombo vya watu. Ndiyo maana tulikuja na fundi asiyejuana na mama wala duka, na tukawaarifu dukani mapema ili walete fundi wao wakitaka. Hawakuleta.

Fundi hakukata bomba wala kufungua kompresa, maana waranti ingekuwa hatarini. Aliiwasha kwanza. Kompresa ikanguruma sawasawa, baridi hakuna. Kisha akaizima, akangoja presha ndani isawazike, akapaka povu la sabuni kwenye viungo vya bomba la shaba. Kiungo kimoja kilikuwa na doa la mafuta, na pale pale povu likaanza kutoa viputo vidogo, kimoja baada ya kingine. Gesi ilikuwa inavuja pale bomba lilipochomelewa, na kompresa, ambayo stima ingeiunguza, ilikuwa nzima. Nilimwomba mpigapicha akae kwenye vile viputo bila kutikisika hadi niseme basi.

Saa tano tukaingia dukani. Tulibisha, tukajitambulisha, kamera ikiwa imezimwa. Meneja yuko kwenye mkutano, tukaambiwa. Tusubiri kidogo.

Hiyo kidogo ndiyo iliyokula siku yangu. Saa sita, yuko njiani. Saa saba, amepitia benki. Mama alikuwa amefunga meza yake ili awepo, samaki wa leo amemwachia jirani na barafu inayeyuka, na kila nilipomtazama alikuwa anahesabu kitu kwa vidole. Nilitamani kumwambia aende, lakini meneja angefika amkose, tuanze upya wiki ijayo. Aliniuliza wakikataa itakuwaje. Nikamweleza kuhusu Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na kwamba unaweza kujisimamia bila wakili. Akanifanya nirudie mara mbili, kisha akamwita jirani yake kwa simu akamweleza na yeye. Chapati madondo zetu zilipoa kwenye gari. Mvua ikanyesha, ikaisha. Miguu ilikuwa imekufa ganzi.

Sijui ilikuwa saa ngapi meneja alipotokea, labda kumi. Akanivuta pembeni.

"Dada yangu, tuongee kama watu. Nambadilishia friza leo, na nyinyi hiyo kitu muifute."

Hapo ndipo kazi hii inauma. Mama anaihitaji ile friza kuliko mimi ninavyohitaji kipindi. Nilimpigia mwelekezi mkuu, tukaongea, nikarudi.

"Meneja, friza ni kati yako na mama. Ukimpa, tutasema hewani umempa. Kufuta hatuwezi."

Nilidhani mama atanikasirikia. Akasema, "Nipeni friza yangu. Lakini jirani yangu naye alinunua hapa, na yake imeanza kuchemka."

Meneja akakaa kimya, kisha akakubali kuongea mbele ya kamera. Na aliongea vizuri. Alisema anayemletea mzigo hakubali kurudishiwa friza zenye kasoro, kila anayobadilisha inatoka mfukoni mwake, na kwamba mama atapata nyingine. Niliandika kila dakika ya maneno yake kwenye daftari langu.

Usiku chumbani mwa uhariri, mhariri alitaka kuikata ile sehemu ya mleta mzigo kwa sababu ya muda. Nilikataa, sauti ikiwa imekauka. Bila ile sehemu mtazamaji atamwona yule meneja kama mwizi tu, na mleta mzigo atalala usingizi. Tulipunguza picha za soko, maneno yake yakabaki yote. Nimeshaandika barua ya kumtaka mleta mzigo naye ajibu.

Ninapoandika haya friza mpya haijafika Kibuye. Meneja ametuma ujumbe kwamba ni Ijumaa. Nimeshaandikisha kamera ya Ijumaa saa nne asubuhi, na fundi atakuwepo na sabuni yake, kwa ile mpya na kwa ile ya jirani.