Kazi Iliyomo Ndani ya Utulivu

Jumapili, usiku

Tangu Ijumaa kuna swali halijaniondoka. Nilikuwa nimemaliza kuwaeleza wanafunzi wangu wa uuguzi jinsi umeme unavyozuka katika seli za misuli ya moyo, na tayari nakusanya karatasi zangu, ndipo binti mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, mguu wangu hukakamaa usiku mpaka nalia. Mbona moyo haukakamai?" Nilimjibu kwa kifupi kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha, na jibu lile halikuniridhisha. Nimekaa nalo hapa barazani tangu magharibi.

Somo lile nililianza pale wengi wetu tunapolianzia. Seli ya ventrikali, yaani chumba cha chini cha moyo, ikiwa imetulia, ndani ya utando wake pana takriban milivolti 90 chini ya sifuri kulinganisha na nje. Umeme wa seli jirani unapoifikia, milango ya sodiamu hufunguka, sodiamu, ambayo hubeba chaji chanya kama potasiamu na kalsiamu, humiminika ndani, na kwa milisekunde moja au mbili hasi hugeuka kuwa chanya. Wanafunzi hulifurahia sana jambo hilo. Lakini msuli wa mguu nao hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo jibu la yule binti halimo humo.

Limo katika kinachofuata. Mguuni, umeme huzuka na kuzima ndani ya milisekunde chache, msuli ukiwa haujamaliza hata kujikunja, hivyo amri ya pili na ya tatu huweza kuingia juu ya ile ya kwanza na msuli ukabaki umekaza. Moyoni, milango ya sodiamu ikishajifunga, ile ya kalsiamu hubaki wazi, na kalsiamu inayoingia hukabiliana na potasiamu inayotoka, kwa hiyo umeme husimama karibu mahali pamoja kwa milisekunde 200 hivi, kama bahari iliyojaa kabla haijaanza kupwa. Kalsiamu hiyohiyo huchochea ghala lililomo ndani ya seli litoe kalsiamu nyingi zaidi, na hapo ndipo msuli unapojikunja. Muda wote huo milango ya sodiamu haiitiki hata ikigongwa kwa nguvu. Haiwi tayari tena mpaka ndani ya seli parudi kuwa hasi, na kufikia hapo msuli umekwisha kuanza kulegea. Moyo haukakamai kwa sababu hauwezi kuitika kabla haujapumzika.

Kalsiamu hii ilijulikana kwa njia ninayoipenda mno. Sydney Ringer, daktari wa London, aliona mioyo ya vyura ikiendelea kupiga ndani ya maji ya chumvi, kisha akagundua kwamba maji yale yalikuwa yametengenezwa kwa maji ya bomba, ambayo yalikuwa na kalsiamu. Alipotumia maji yaliyokenekwa, mioyo ilidhoofika ikasimama. Mwaka 1883 alichapisha waziwazi marekebisho ya taarifa yake ya kwanza, na kwa uungwana huo tukapata maarifa.

Baadaye milango ya potasiamu hufunguka zaidi, potasiamu hutoka, na seli hurejea kwenye utulivu wake. Hapa ndipo nilipopita haraka Ijumaa, nikasema "seli inapumzika" kana kwamba imelala. Kila pigo huacha sodiamu kidogo ndani na potasiamu kidogo nje, na lazima pawe na wa kuyarudisha mambo mahali pake. Kazi hiyo ni ya pampu iliyomo kwenye utando, aliyoitambua Jens Christian Skou, mwanasayansi wa Denmark, mwaka 1957: kwa nishati ya seli, hutoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, usiku na mchana.

Nikiwaza pampu hiyo namkumbuka babu, aliyeishi upande wa bara wa Kilifi. Alitukataza kabisa kuchomea nyama vijiti vya msunguti, mti ambao wawindaji wa huko walipika sumu ya mishale kutokana nao. Sumu hiyo ina wabaini, jina lenye asili ya Kisomali, nayo huikamata pampu hiyohiyo. Sodiamu hujaa ndani ya seli, na kwa kuwa seli hutegemea sodiamu inayoingia ili kuitupa kalsiamu nje, na sasa sodiamu huingia kwa shida, kalsiamu nayo hurundikana. Kwanza moyo hupiga kwa nguvu zaidi. Kisha umeme huanza kuzuka wakati usio wake, mapigo yakavurugika, na mnyama akaanguka. Babu hakujua habari za pampu, lakini alijua kwamba mshale ule hauui kwa jeraha.

Jumanne nitalianza somo upya, safari hii kutokea mwisho. Nitawapa karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo na kuwaomba waache ile ncha ndefu inayowavuta macho, watazame kilima kidogo kinachoifuata, wimbi la T, ambalo ndilo alama ya ventrikali zinazorejea utulivu. Nitawaonyesha linavyochongoka potasiamu ya damu inapopanda, na linavyolala inaposhuka. Kisha nitamwomba yule binti arudie swali lake mbele ya darasa zima.