Shangazi, mpunga huo usiung'oe

Shangazi yangu analima mpunga bonde la Cheju, Unguja, na akiona jani lenye doa huung'oa mche mzima. "Ushaingia maradhi huu." Mimi nimesomea kilimo, na kila nikimfuata bondeni asubuhi, umande haujakauka, tunabishana hapo hapo.

Tazameni majani yenyewe. Mche mmoja una vidoa vya kahawia vidogo kama ncha ya sindano, na siku zinapita havitanuki. Wa pembeni yake una doa refu lililochongoka huku na huku, kati rangi ya jivu, ukingoni kahawia. Vyote viwili vinaweza kuwa kazi ya kuvu moja, Magnaporthe oryzae, ileile inayovunja shingo ya suke tukavuna mapepe yasiyo na punje. Mche wa kwanza ndio ulioshinda!

Kuvu hii ikitua kwenye jani bichi hujenga kifuko cheusi chenye mgandamizo unaofika megapaskali 8, zaidi ya mara 30 ya tairi la gari, ikatoboa. Siku za mwanzo inaishi ndani ya seli hai. Mpunga ukiitambua, seli iliyoingiliwa hujiua pamoja na chache za jirani, na kuvu inakwama humo. Ndicho kile kidoa.

Kwa hiyo kuvu hupigana seli isijiue. Ukuta wake una kitini, kitu kilekile cha gamba la kaa, na vipande vyake ndivyo vinavyoushtua mpunga. Kuvu inatoa protini, Slp1, inayovidaka kabla mpunga haujavihisi. Nyingine, AvrPiz-t, inaingia hadi ndani ya seli na kuzivuruga protini za kujihami. Lakini mpunga wenye jeni (kipande cha urithi) iitwayo Piz-t unaijua AvrPiz-t. Silaha hiyohiyo ndiyo inayoifichua kuvu, na seli inakufa kwa wakati. Hapa ndipo ninaposhangaa kila mara.

Mpunga usipoitambua, kuvu ikishashiba inaziua seli yenyewe, na hilo ndilo doa la jivu. Tena kuvu hubadilika: ikiipoteza au kuigeuza protini iliyotambuliwa, mbegu iliyohimili mwaka jana inaanguka. Ndiyo maana watafiti wanakusanya jeni kadhaa katika mbegu moja. Sisi bondeni tupunguze urea, maana ikizidi inaongeza maradhi haya ya kuvu, na mbegu tusichukue kwenye mashuke yaliyougua.

Waliopata mapepe msimu huu, niandikieni mlipanda mbegu gani na urea mlitia lini. Picha ya jani, tafadhali, ipigwe karibu.