Chupa Zina Mwenyewe

Jumamosi iliyopita mwanangu wa mwisho aliamua kunisindikiza kusafisha mtaa. Kavaa kandambili zangu, kashika fagio la chelewa ambalo hata halikugusa chini. Tulipofika kwa fundi cherehani akauliza, "Mama, mbona hizo unaziruka?"

Chupa za maji. Mimi huokota kila kitu, vifuko vya karanga, vifuniko, hata pampasi (kwa kijiti, mnisamehe), ila chupa nazisogeza ukutani na kuziacha hapo.

"Zina mwenyewe," nikamwambia.

"Nani?"

Nikakohoa kidogo.

Ugonjwa huu ulinianza tarehe 9 Desemba 2015, siku Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru akatutaka tushike mafagio. Mtaa mzima tuliingia mtaroni, hadi baba mwenye nyumba wetu, mtu ambaye sikuwahi kumwona ameinama. Wiki iliyofuata nikajikuta peke yangu. Majirani wakasema nautaka uenyekiti wa mtaa. Wengine wakasema mume kaniacha. Wakachoka kusema, mimi nikaendelea: kila alfajiri salfeti mkononi, toka getini hadi kwenye kidaraja, gari la taka likipita napakia.

Sasa mwaka 2017. Viroba vya pombe vilikuwa vimepigwa marufuku tangu Machi, lakini vifuko vyake mvua ilikuwa bado inavifukua mtaroni. Nimeinama navitoa, nikaona miguu miwili imesimama mbele yangu. Kandambili moja ya bluu, nyingine nyekundu, zote za mguu wa kushoto.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akalitazama salfeti langu, akatazama la kwake, limenywea begani kama shati lililoanikwa. "Mwanangu, wewe unauzia wapi?"

"Siuzi, mzee. Nasafisha tu."

"Na makopo?"

"Yanaenda na gari la taka."

Akanyamaza. Akaniomba salfeti, akachutama, akaanza kuchambua bila haraka. Kila chupa anafungua kifuniko, anamwaga tone lililobaki, anaikunja kwa goti, paa! Harufu ya soda iliyochacha ikatuzunguka. Nikawa nimesimama, mikono sijui niiweke wapi, kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani.

"Wiki ya tatu hii napita hapa patupu," akasema, hata hanitazami. "Nikadhani watu wa mtaa huu wameacha kunywa maji."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba zile za nusu lita, kilo moja inataka chupa 50 na zaidi. Nikapiga hesabu ya salfeti zangu za wiki tatu, kicheko kikaniisha.

Toka siku hiyo naziacha ukutani. Alikuwa akipita Jumanne na Ijumaa, tunasalimiana, basi. Jina lake sikuuliza. Masika moja akaacha kuja. Wakaja vijana, nao wakaacha, na siku hizi anapita yeyote, au hapiti mtu.

Hayo yote nilipaswa kumweleza mtoto wa miaka sita aliyeshika fagio. Nikamwambia ni babu mmoja.

"Anakuja saa ngapi?"

Ukutani zilikuwa chupa saba. Nne nilizisogeza mwenyewe Jumatano, nazijua. Wingu lilikuwa limetanda upande wa Ubungo. Nikazisukuma ndani zaidi kwa mguu, zisije zikaangukia mtaroni.