Yangeyange wa Tudor na Palahala wa Kwale
Jumamosi ambayo maji yamekupwa alfajiri hunikuta ukingoni mwa mikoko ya Tudor, Mombasa, nimechutama na lenzi yangu ya milimita 400, nikimsubiri yangeyange, ndege mweupe wa majini, ainue mguu wake mweusi hadi vidole vyake vya manjano vionekane. Tope jeusi huihadaa kamera, kwa hiyo mimi hupunguza mwanga kidogo, la sivyo ndege mzima hugeuka karatasi tupu. Safari niipendayo zaidi, hata hivyo, ni ya kuvuka kwa feri Likoni na kupanda Kwale hadi hifadhi ya Shimba Hills, kwenye palahala, wale swala wakubwa. Mara ya mwisho dume mmoja alisimama kando ya barabara, umande ukimetameta kwenye pembe zake zilizopinda kwa nyuma. Nikazima injini, nikapiga picha 3 tu, nikamwacha aende zake.