Kabla ya Kukilaumu Kiungo: Nilivyomchunguza Farasi Aliyechechemea Mguu wa Nyuma

Tuelewane kwanza kuhusu majina, maana hapa ndipo saisi (mtunza farasi) na daktari wa mifugo hupishana kwenye simu. Kile kiungo cha katikati ya mguu wa nyuma, kinachopinda kama kimegeuzwa, wengi hukiita goti. Si goti. Ni kifundo, na mfupa uliochomoza nyuma yake ndio kisigino chenyewe, kwa kuwa farasi hukanyaga kwa ncha ya kidole kimoja. Goti la kweli liko juu, ubavuni karibu na tumbo, limefichwa na nyama. Kile kilicho juu kidogo ya kwato nitakiita kifundo cha chini.

Farasi mwenyewe ni dume aliyehasiwa, miaka 14, wa kupandisha watu ufuoni Nyali, Mombasa. Hakuwa akichechemea kwa kuonekana na kila mtu. Ncha ya kwato ya nyuma kulia ilikuwa imelika kuliko ya kushoto, hatua ya mguu huo ilikuwa fupi, na asubuhi alitoka bandani akiwa amekakamaa, kisha baada ya dakika kumi za kutembea akalainika. Kulainika huko ndiko kulikonifanya nishuku kiungo. Kano iliyoumia kwa kawaida huzidi kuuma kadiri kazi inavyoendelea.

Hata hivyo sikuanza na kiungo. Nilianza na kipimajoto: farasi mzima akiwa ametulia huwa na joto kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, na moyo hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Joto likipanda na miguu yote ikawa mizito, fikiria homa za kupe kabla ya kufikiria mifupa. Kisha kwato, kwa sababu huko ndiko maumivu mengi ya mguu hutoka. Safisha mpaka uone nyayo, tafuta kipande cha tumbawe kilichojikita kando ya ulimi wa kwato (ile pembetatu laini katikati ya wayo), bana kwa koleo la kupimia hatua kwa hatua kuzunguka ukingo na juu ya kila msumari wa kiatu. Weka vidole pande mbili za kifundo cha chini usikie mpigo wa mshipa. Ukidunda kwa nguvu upande mmoja tu, huenda kuna usaha ndani ya kwato. Huyu alikuwa safi.

Kupapasa joto la kiungo hapa Mombasa kuna mitego yake. Farasi aliyefungwa ubavu mmoja ukielekea jua atakuwa na mguu mmoja wa moto bila ugonjwa wowote. Aliyetoka kuoshwa baharini atakuwa baridi kote. Na aliyechuliwa jana usiku kwa mafuta ya karafuu, ngozi yake haikuambii kitu. Nikakataza uchuaji siku tatu. Nilipapasa alfajiri, kivulini, kabla ya kazi, nikilinganisha kulia na kushoto kila mara. Uvimbe laini mbele ya kifundo, unaohama upande wa pili ukiubonyeza, ni ute uliozidi kwenye kiungo kikubwa cha juu, maana kifundo ni viungo kadhaa vilivyopangana. Huyu hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni ugumu mdogo wa mfupa upande wa ndani, chini, pale kifundo kinapokutana na mfupa mrefu.

Sasa ardhi. Ufuo una mteremko. Ukimpeleka kaskazini kuelekea Bamburi, miguu ya kulia iko upande wa bahari, chini. Ukirudi, ya kushoto ndiyo inayoshuka. Farasi mzima kabisa anaweza kuonekana kilema kwa mteremko huo peke yake. Nimeona farasi akihukumiwa kwa video iliyopigwa akienda upande mmoja tu. Ukilazimika kutumia mchanga, subiri maji yatoke siku za bamvua, upate uwanda mpana ulioshikana, na uende kote kuwili. Mimi nilitumia kipande cha lami tambarare, mapema kabla ya tuktuk kuamka: mita 30 kwenda, 30 kurudi, kamba ikiwa imelegea ili kichwa kiwe huru. Kiungo kibovu hujitokeza zaidi kwenye ardhi ngumu. Kano na nyama hulalamika zaidi kwenye mchanga laini.

Bandika kipande cha plasta nyeupe kwenye mfupa wa nyonga kila upande, na mtu asimame nyuma akirekodi kwa simu, mwendo wa polepole. Farasi aende telki, ile mbio ndogo. Plasta inayopanda na kushuka zaidi ndiyo iliyo upande wa mguu mgonjwa. Usitazame kichwa peke yake: mguu wa nyuma kulia ukiuma sana, kichwa huinama unapotua, na mtu huapa kwamba shida iko mbele kulia.

Kipimo cha kukunja hufanywa ovyo mno. Kunja mguu na kuushika hivyo sekunde 60 kwa kutazama saa, mtu yule yule, nguvu ile ile, halafu atoke telki mara moja. Anza na mguu mzima. Hatua mbili tatu mbovu si kitu. Akiendelea kuchechemea, hapo pana jambo. Ila kumbuka, mguu wa nyuma umeungwa hivi kwamba goti likipinda kifundo hupinda nacho. Kwa hiyo kipimo kile kinakuambia “juu huku panauma” na hakikuambii ni kiungo kipi.

Anayekuambia ni sindano ya ganzi: pakitiwa ganzi na mguu ukakaa sawa, hapo ndipo panapouma. Nayo ni kazi ya daktari, ngozi ikiwa imenyolewa na kusuguliwa mpaka iwe safi, kwa sababu vijidudu vikiingia ndani ya kiungo ni balaa. Poda ya fenilibutazoni, dawa yake ya maumivu, niliisimamisha siku tano kabla. Ganzi haina la kuonyesha kwa farasi ambaye maumivu yake tayari yamefichwa. Daktari alianza chini, akapanda. Ganzi ya kwato na ya kifundo cha chini hazikubadilisha chochote. Alipoweka kwenye kiungo cha chini kabisa cha kifundo, baada ya dakika kumi mguu wa kulia ulikaa sawa, na papo hapo wa kushoto ukaanza kuchechemea. Usishtuke ukiona hivyo. Ugonjwa huu hupenda kushika pande zote mbili, na ule mbaya zaidi huuficha mwenzake.

Eksirei ya kubebeka, picha nne kwa kila kifundo: ya ubavu, ya mbele kwenda nyuma, na mbili za mshazari. Nafasi ya viungo viwili vya chini ilikuwa imebanwa na mfupa umeota ukingoni. Ni baridi yabisi ya kifundo. Viungo hivyo viwili havina mwendo mkubwa, kwa hiyo vikishikana kabisa mara nyingi maumivu huisha na farasi hufanya kazi. Goti lingekuwa habari nyingine.

Daktari alidunga steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, viungoni pande zote, akaonya kwamba inaweza kuleta uvimbe ndani ya kwato. Fundi wa kwato alifupisha ncha na kuiviringisha ili mguu uondoke ardhini kwa urahisi. Uzito nilipima kwa utepe: mzunguko wa kifua sentimita 175, mara 175, mara urefu wa mwili 158, gawa kwa 11,880, unapata kilo 407. Kwa miligramu 2.2 kwa kilo, fenilibutazoni inakuja chini kidogo ya gramu moja kwa dozi, pamoja na chakula. Kumfungia bandani hakusaidii. Atembee kila siku, bila duara ndogo na bila mchanga mzito.

Kitu kimoja hakingoji hatua hizi zote: kidonda karibu na kiungo, chenye maji ya manjano yanayonata, na farasi hakanyagi. Huyo ni wa daktari saa hiyo hiyo, hata usiku.

Huyu wangu hurekodiwa kila wiki mbili, lami ile ile, saa ile ile. Na viatu vya zamani sivitupi. Fundi akivitoa baada ya wiki sita, navilaza sakafuni kulia na kushoto kuona ncha ipi imelika.