Jinsi nilivyoacha kushtuka saa tisa usiku

Kwa miezi minne nilikuwa nashtuka saa tisa usiku, moyo unadunda, taya zimekaza, kichwani madeni ya duka yanapishana. Nilipokwenda zahanati kwa maumivu ya kichwa, presha ilikuwa juu, 148/94. Daktari aliniuliza swali moja tu: "Mama, unalala?"

Nilijaribu kulala mapema, nikaishia kugaagaa kitandani. Nikaacha chai ya jioni. Hiyo ilisaidia kidogo, maana kafeini, kile kichangamshi kilicho kwenye chai, hukaa mwilini kwa saa nyingi, lakini kushtuka kulibaki palepale.

Kilichonitoa ni daftari. Saa moja jioni, kabla ya kufunga duka, naandika kila linalonisumbua. Wiki ya kwanza niliandika tu "deni la unga", na usiku likarudi vilevile. Wiki ya pili nikaongeza hatua na muda: "Kesho saa nne nimpigie muuza unga, niombe kulipa nusu." Hapo ndipo akili ilipotulia, kana kwamba imekabidhi zamu. Daftari linabaki dukani, haliingii chumbani kabisa. Simu nayo inalala sebuleni.

Siku nikishtuka, navuta pumzi nikihesabu hadi nne, naitoa taratibu hadi nane. Kule kutoa ndiko kwa kukawiza, kwa sababu mapigo ya moyo hupungua kasi tunapotoa pumzi.

Baada ya wiki sita presha ilikuwa 126/80. Bado napima kila mwezi. Na wewe unayeamka na kichwa kinauma, kapime kwanza, ndugu yangu.